Kuku wa Firigisi Mbili

Haya, chekeni sasa hivi mmalize, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa, na aibu hii nimeibeba tangu miaka ya tisini bila kumsimulia mtu ila mume wangu, ambaye naye hakuhitaji kusimuliwa maana alikuwa ameketi palepale akitazama kwa macho yake. Mimi Nyambura, binti wa Murang'a, niliyejigamba ukweni kwamba hakuna chakula kinachonishinda, ndimi niliyewafanya watu wa Makongeni waache shughuli zao za Jumapili waje kuchungulia bakuli la kuku. Na yote yalitoka kwenye uamuzi mdogo sana, wa muda wa kupepesa jicho, ambao hata leo ukinipa mtoto anayelia na sufuria inayochemka naweza kuufanya tena (hapana, nimekosea, siwezi).

Wakati huo mimi na Makokha tulikuwa tunaishi Mowlem, chumba kimoja, na mtoto wetu Barasa alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba. Tulioana kwa ile njia ya njoo-tukae, yaani nilikwenda kumtembelea Ijumaa moja nikasahau kurudi nyumbani. Baba yangu alipopata habari alisema hataki kuuona uso wangu mlangoni kwake mpaka watu wa huyo kijana waje kubisha hodi kama watu, na baba yangu akisema neno huwa amesema. Miaka miwili ikapita sijamwona mama yangu, na yeye hajamwona mjukuu wake hata kwa picha. Sasa, baba yake Makokha hakuwa na neno, angetoka hata kesho kwenda Murang'a, lakini kwao mdogo haongozi wakubwa kwenda kuposa. Lazima aongoze kaka yake mkubwa, na huyo kaka, tuliyemwita Baba Mkubwa, alikuwa Kakamega, na alikuwa ametuma neno kwamba hawezi kwenda kumwombea mtu msichana ambaye yeye mwenyewe hajala chakula chake. Basi mwezi wa Agosti, Makokha akiwa likizo, tukaenda kukaa wiki moja kwa wazazi wake Makongeni, na Jumapili Baba Mkubwa angekuja, angekula, na angeamua. Kwa hiyo mkiniona huko mbele nahangaika, mjue sikuwa nahangaikia kuku. Nilikuwa nahangaikia kumwona mama yangu.

Nyumba za Makongeni mnazijua, zile za watu wa reli, zimepangwa mstari mmoja, ukipiga chafya kwako jirani anakuombea afya kwake. Mzee, baba mkwe wangu, alikuwa fundi wa injini, amebakiza miezi michache astaafu, na mikono yake haikuweza kutulia. Wiki ile alifungua redio, akafungua saa ya ukutani, akafungua pasi, si kwa sababu zimeharibika, la, alitaka tu kuona ndani kumekaaje, na Barasa alikuwa nyuma yake kila hatua akimpokeza skrubu. Mama mkwe wangu yeye alikuwa mtu wa kutazama. Haongei sana, hakemei, anatazama. Nikikata kitunguu anatazama, nikimwosha mtoto anatazama, na mimi nami namtazama, natafuta kujua anapenda chai yenye majani mengi au kidogo, anakunja leso mara ngapi, anacheka lini. Wiki nzima tulikuwa watu wawili tunasomana kama barua ambayo hakuna aliyetia sahihi.

Jumapili asubuhi jogoo akachinjwa. Mzee alimnunua yeye mwenyewe akamfunga kwenye mguu wa meza majuma matatu, anamlisha ugali, anamsalimia akitoka kazini. Nilipomaliza kumnyonyoa, Mama akaniambia, "Mama Barasa, leo jiko ni lako. Mimi sitatia mkono." Kisha akainama karibu, akasema polepole, "Ile imondo uiangalie."

Imondo ni firigisi. Nadhani hata wasiokula kuku wanajua habari zake, lakini nitasema ili asiwepo wa kuuliza katikati: kwao kuku ana vipande vingi, lakini firigisi ni moja na mlaji wake ni mmoja, mwenye nyumba, na siku akija mkubwa wake anampisha. Mwanamke haigusi kwa meno. Na kuku akifika mezani bila firigisi, hicho si chakula tena, ni tusi lenye mchuzi. Hata kwetu jambo hilo linajulikana, kwa hiyo siwezi kusingizia ugeni.

Nikachemsha kuku wangu hapo nje kwenye veranda, jiko la makaa limekolea vizuri, harufu inakwenda. Ndani Baba Mkubwa alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti chenye kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kofia juu ya goti, anakunywa chai na Mzee na Makokha. Na hapo ndipo Barasa, aliyekuwa anaota magego, akaamua kwamba siku ya kulia ni leo. Nikampa ndizi, akaitupa. Nikampa kijiko, akanirushia. Nikambeba mgongoni, akanilia sikioni. Kutoka ndani nikasikia sauti nzito ya Baba Mkubwa, "Huyo mtoto hana mama?"

Jamani, neno hilo lilinichoma. Nikatazama ndani ya sufuria, na kitu cha kwanza kilichoniangalia kilikuwa firigisi, imeiva nusu, imara, inateleza, na nikafikiri, hii hata akiitafuna mwaka mzima haitakatika, itamkanda fizi, kisha nitaiosha na kuirudisha, nani atajua? (Daktari wa siku hizi angenifokea mpaka nizimie, lakini ndiyo malezi tuliyokuwa nayo.) Sikumpa, mnielewe. Nilimwazima.

Kimya. Kimya kitamu ajabu. Mtoto akaketi chini akinyonya kama mzee wa kanisa anavyonyonya peremende wakati wa mahubiri, na mimi nikakaanga kitunguu, nikatia nyanya, nikajisifu kimoyomoyo kwamba wewe Nyambura una akili. Nilipogeuka, Barasa alikuwa anatoka ndani ya nyumba akitambaa kwenye kizingiti, mashavu yanang'aa mafuta, mikono mitupu.

"Barasa, iko wapi?"

Akanionyesha viganja vyote viwili. "Isha," akasema, na kutabasamu.

Nikamfungua mdomo, hamna. Nikampindua kichwa chini miguu juu, hamna. Nikatafuta nyuma ya pipa la maji, chini ya jiko, kwenye mfereji, nikamfuata paka wa jirani mpaka bombani nikimtazama mdomo, naye akanitazama kama mtu anayesingiziwa. Ndani ya nyumba sikuweza kutafuta kwa sababu wazee walikuwa wamejaa, na ningeingiaje nikapige magoti kati ya miguu ya Baba Mkubwa? Nilifikia hatua ya kushika kisu na kutazama paja la kuku, nikijiuliza kama mtu anaweza kuchonga firigisi kutoka humo. Hapo ningeweza kwenda kwa mama mkwe nikasema ukweli. Mlango ulikuwa hatua nne. Badala yake nikapiga hatua nyingine, nikaenda kwa jirani.

Jirani alikuwa Mama Achieng, mwanamke wa kicheko kikubwa, na bahati nzuri (nilidhani ni nzuri) ilikuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi na yeye pia alikuwa amepika kuku.

"Mama Achieng, niokoe. Niazime firigisi."

Mwiko ukasimama hewani. "Ati nikuazime nini?"

Nikamweleza mbiombio. Akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo. "Wewe msichana unanitafutia maneno. Unajua Baba Achieng akikosa hiyo kitu yake?"

"Anarudi saa ngapi?"

"Ako kazi, huko kiwandani. Jioni."

"Basi kabla ya jioni nitakuwa nimekutafutia nyingine, haki ya Mungu." (Ningeitoa wapi, hata sijui.)

Akanitilia kwenye kibakuli, akafunika kwa sahani. "Chukua. Lakini mimi sijakuona, na wewe hujaniona."

Nikarudi mbio, nikaitumbukiza kwenye sufuria, nikafunika, nikapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ugali ukasongwa, kuku mzima nikammimina kwenye bakuli kubwa la wazee na mchuzi wake mzito, nikaingia kwa magoti na birika la maji kuwanawisha mikono. Baba Mkubwa alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akaomba, na maombi yake yalikuwa marefu, aliombea nchi, akaombea mvua, akaombea hata reli. Mzee kisha akashika kijiko, akachokora, akaipata firigisi, akaiweka kwenye sahani ya kaka yake kwa mikono miwili. Baba Mkubwa akatingisha kichwa kuridhika. Mimi pale karibu na mlango nikaiona Murang'a, nikauona mgomba wa mama yangu, nikauona moshi wa jiko lake.

Mzee akarudisha kijiko kwenye bakuli kujichotea mchuzi. Kijiko kikatoka na firigisi.

Akaitazama. Akaiweka chini, akatoa miwani mfukoni, akavaa, akaitazama tena. "Makokha, hii ni nini?"

"Firigisi, Baba."

"Na ile ya Baba Mkubwa?"

"Firigisi."

"Na kuku alikuwa mmoja?"

"Si ulimfunga wewe mwenyewe kwa meza?"

Mngemwona Mzee! Hakukasirika hata chembe. Uso wake uliwaka kama wa mtoto. "Mama Barasa, lete sinia," akasema, na nikaleta (ningefanya nini?), akaanza kutoa vipande kimoja kimoja na kuvipanga kama anavyopanga vyuma vya injini, mabawa kushoto na kulia, mapaja chini yake, mgongo katikati, huku akihesabu kwa sauti. "Shingo moja. Ini moja. Moyo mmoja. Firigisi mbili! Ndiyo sababu alikuwa anakula ugali namna ile!" Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, na kijana mmoja aliyekuwa anapita akachungulia, akageuka akawapigia wenzake kelele, "Wasee, kujeni mcheki kuku iko na firigisi mbili!" Kabla sijameza mate mlango ulijaa. Mama mmoja wa kanisa akasema ni baraka, mwingine akasema huyo alikuwa pacha akamezwa na mwenzake ndani ya yai, na kila mtu akataka kusogea aone.

Ila Baba Mkubwa hakusogea. Alirudisha tonge la ugali kwenye sahani.

"Ndugu yangu," akasema, "nyumba ina imondo moja kwa sababu ina mkubwa mmoja. Umenipa moja, na wewe umejichotea yako mbele yangu. Unaniambia nini?"

"Kaka, mimi nilikuwa nachota mchuzi tu."

"Miaka yote hii uko mjini, mimi nalinda boma. Leo umepata njia ya kuniambia kwamba tuko sawa." Mkono wake ukaenda kwenye kofia.

Niliona ule mkono, nikajua ukifika kichwani nimekwisha. Kinywa changu kikafunguka chenyewe, na badala ya ukweli kikatoa hivi: "Baba Mkubwa, usikasirike. Kwetu Murang'a kuku wengine huwa nazo mbili."

Makokha akaniangalia kama mtu aliyeona mke wake akipaa. Mzee naye akatoa penseli nyuma ya sikio. "Kweli, Nyambura? Kuku wa aina gani?"

"Wale... wakubwa."

"Na kwa nini?"

"Baridi," nikasema. "Ni kwa sababu ya baridi."

"Baridi," Mzee akarudia polepole, akiandika kwenye kipande cha gazeti. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze, lakini sakafu za reli zilijengwa kwa saruji ngumu.

Hapo umati wa mlangoni ukagawanyika, akaingia mtu mrefu mwenye ovaroli ya kiwandani, mpole, anayefuta jasho kwa kiganja. Mashine kwao ilikuwa imekwama wakaachiliwa mapema. Alikuwa Baba Achieng. "Hodi, wazee wangu. Samahani sana kuwakatiza chakula. Nimeuliza firigisi yangu nyumbani, nikaambiwa imekuja kula huku."

Nyuma ya bega lake nikaona uso wa Mama Achieng, amejifunika mdomo kwa leso, mabega yanatikisika.

"Ipi ni yako?" Mzee akauliza, bado ana hamu ya kujua, Mungu ambariki.

Wakaziweka pamoja kwenye sinia, wakainama wote watatu. Mzee akazigeuza kwa ncha ya kijiko, akasimama kwenye moja. Ilikuwa na alama ndogo ndogo, nne juu na mbili chini. Akamwita Barasa, akamweka kwenye goti, akamfungua mdomo kwa kidole, akapima firigisi na meno kama anavyopima nati na bolti. Vikaingiana barabara.

Macho yote yakanigeukia. Baba Mkubwa akasema, "Msichana, hapo hakuna baridi. Sema wewe."

Nikasema. Nilipiga magoti pale nikasema yote, kilio cha mtoto, kuazima, mfereji, paka, jirani, na watu wa mlangoni walicheka mpaka mmoja akaegemea fremu ya mlango, lakini mimi nilikuwa nalia kweli, machozi na kamasi, mbele ya watu ambao nusu yao sikuwajua hata majina.

"Kwa nini hukusema mapema?" akauliza.

"Niliogopa hutaenda kwa baba yangu. Na mimi nataka kumwona mama."

Baba Achieng akachukua firigisi yake, akashukuru kwa adabu, akatoka nayo mkononi, na umati ukampisha kama mtu aliyetoka kupokea cheti. Ikabaki ile yenye meno. Baba Mkubwa akaishika, akaigeuza, akaifuta kwa kidole, na nikajua hawezi kula kitu kilichonyonywa na kuburutwa sakafuni, na hata mimi nisingemlaumu. Akamtazama Barasa, aliyekuwa ananyoosha mikono yote miwili kuidai. Akampa.

"Hii imeshapata mwenyewe," akasema. "Alianza, acheni amalize." Kisha akamgeukia Mzee. "Mtoto akila imondo ya nyumba ni wa nyumba. Na mtoto wa nyumba hawezi kuwa na mama wa kuazimwa. Tafuta siku tuende Murang'a."

Akachukua tonge lake akaendelea kula, na alikula sana.

Jioni, nikiosha vyombo bombani na Mama, sikuweza kuvumilia, nikamuuliza ile ya kwanza ilirudije kwenye sufuria. Akasuuza sahani mbili kabla ya kujibu. "Nilimkuta nayo chini ya kiti cha Baba Mkubwa. Nikaiosha. Ulipokimbia kwa jirani nikairudisha."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kuona kama utasema."

"Na sikusema."

"Hukusema," akakubali. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. "Lakini ile ya baridi, Mama Barasa, ile ya baridi karibu iniue." Akacheka mpaka akaangusha kikombe, na mimi niliyekuwa nimemsoma wiki nzima nikajua sasa anacheka lini.

Walikwenda Murang'a mwezi wa Desemba. Mama yangu alimshika Barasa hakumwachia mpaka jua likazama, na sitasema zaidi hapo kwa sababu nitalia tena. Ila nilikula kiapo ambacho sijakivunja: kitu kikiniharibikia, nakisema kingali cha moto. Chumvi ikizidi nasema, ugali ukiungua nasema, hata kama kuna wageni. Miaka yote aliyokaa nasi yule mama mkwe wangu, nilikuwa natoka jikoni na sufuria mkononi, nasimama mbele yake, nasema, "Mama, nimeharibu." Naye alikuwa anavuta kiti, anatengeneza leso yake, na kuniambia, "Haya, lete tuone."